Mama, Siku Ile Kwenye Theluji Nilinong'ona

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitakuja, lakini kalamu imekataa kwenda mbele mpaka niandike hivyo kwanza.

Nimekaa chumbani mwako, hapa mjini Ibra, baada ya sala ya alasiri. Baba kajinyoosha barazani na redio yake kifuani. Dada Moza kaja na watoto tangu juzi, nawasikia uani wanagombania baiskeli, nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Yule mdogo anasema "kitu yangu", na hakuna wa kumsimamisha mlangoni akamwambia, "Kitu changu. Sema tena, kitu changu," kama ulivyotufanyia sisi mpaka tukatamani kulia. Nikimsahihisha mimi ananicheka. Wewe nyumbani hakuna aliyethubutu kukucheka. Sokoni ndiko walikokucheka, kwa Kiarabu chako kile cha kuokoteza, wakakuita Mzanzibari, wewe ambaye Zanzibar hukuikanyaga hata siku moja, umezaliwa Burundi ukakulia Burundi kabla ya kuhamia huku Uarabuni, na Kiswahili cha Unguja ulikirithi kwa bibi tu. Ukirudi Jumatano kutoka soko la wanawake ulikuwa unavua viatu, unakaa kitako, unasema, "Leo tena nimekuwa Mzanzibari," halafu unacheka peke yako.

Pale sokoni, mahali pako pa kuuzia vitambaa anakaa Bi Zuwena siku hizi. Kila nikipita lazima anipe kitu, na lazima alie kidogo. Baba amejifunza kupika wali. Unaungua chini kila siku, naye anatuambia ndivyo anavyoupenda. Cherehani yako Moza kaifunika kanga ili vumbi lisiingie, ingawa hakuna anayeshona. Nguo zako tulizigawa kama ulivyousia, isipokuwa lile buibui la zamani lililotoboka kiwikoni. Hilo tulijifanya tumelisahau, sote watatu.

Lakini sikukaa kukuandikia habari za wali. Kuna jambo sijakwambia. Nimekuja kaburini kwako mara nyingi, nimekusomea, nimesimama, nimeondoka, na kila mara nimelimeza. Leo nataka kulitoa lote.

Unamkumbuka Kapteni Murad? Hukupata kumwona, lakini nilikuwa nakusimulia habari zake kwenye simu kila nikitua, rubani mkubwa wa kampuni yetu ya mizigo, mtu mnene, mpole, mwenye kuvaa miwani ya kusomea juu ya kichwa halafu akaitafuta. Mimi nilikuwa rubani msaidizi, nakaa kulia kwake. Yeye ndiye aliyenichukua nikiwa bado mwanagenzi, akanifundisha kazi bila kunitukana hata mara moja. Wewe ulikuwa ukisema, "Msalimie huyo baba yako wa angani." Nilimsalimia. Alifurahi khasa.

Siku uliyofariki nilikuwa mbali. Baba alinipigia asubuhi, akasema neno moja, akashindwa kuendelea. Kapteni Murad ndiye aliyehangaika, akanitafutia kiti kwenye ndege ya watu, akapanda na mimi, na tulipotua uwanja wa Sib akakodi gari akaniendesha mwenyewe mpaka Ibra kwa sababu aliona siwezi kushika usukani. Tulifika umeshazikwa. Nilikuta udongo bado mbichi, umemwagiwa maji, na Baba amesimama na viatu mkononi. Sikubeba jeneza, sikutia hata konzi moja ya mchanga. Nilipiga magoti pale, na aliyenishika bega asiniachie mpaka nikainuka alikuwa yeye, mgeni asiyejua hata jina lako. Alikaa matangani siku tatu. Alikula na Baba sinia moja, hawana lugha ya kuelewana, wanasukumiana nyama.

Nakwambia haya ili ujue nilimpendaje, kabla sijakwambia yaliyotokea.

Yalitokea miezi minane baada yako, majira ya baridi ya Ulaya. Tulikuwa tunapeleka mizigo kwenye mji mmoja wa kaskazini kabisa, sisi wawili tu ndani ya ndege, na nyuma yetu masanduku ya vipuri. Ilikuwa mchana, lakini mchana wa kule hauna jua. Ni weupe tu, juu mweupe, chini mweupe. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, halafu hewa ikapata joto kidogo, nayo theluji ikaanza kuyeyuka. Hiyo ndiyo mbaya, Mama. Theluji kavu ina ubishi wake, lakini ikiyeyuka nusu inakuwa uji, uji wa barafu na maji umetandazwa juu ya lami, na tairi zikipita juu yake haziigusi lami. Zinaelea.

Waongozaji wa ndege walituambia tulipokaribia kwamba ndege iliyotangulia imelalamika breki hazishiki. Na upepo ulikuwa unapiga kutoka kulia, ubavuni. Kila kimoja peke yake kinavumilika. Vyote viwili kwa pamoja ni jambo la mtu kukaa akafikiri. Tulikuwa na mafuta ya kutosha kwenda mji mwingine, kusini, ambako lami ilikuwa imesafishwa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yake, karatasi iko juu ya paja langu.

Nikasema, "Kapteni, labda twende ule mji mwingine."

Nilisema hivyo, Mama. Lakini nilisema vipi? Nilisema kama ulivyonifundisha kuzungumza na mtu mzima. Macho chini, sauti chini, "labda" mwanzoni. Unakumbuka siku ile nilipokuwa na miaka minane, wazee wamekaa nyumbani wanakunywa kahawa, na mzee mmoja jirani akahadithia habari ya safari akakosea jina la mji, nami nikadakia kumsahihisha? Ulinivuta mpaka jikoni ukanifinya paja mpaka likawa jekundu. "Mtu mzima hakatizwi maneno," uliniambia. "Hata akikosea. Khasa akikosea." Sikukatiza tena maneno ya mtu mzima maisha yangu yote. Watu walikusifu kwa hilo. Walisema, mashallah, watoto wa mama huyu wana adabu.

Kapteni Murad hakujibu. Alikuwa kainama kwenye redio. Nikaona ama hakunisikia ama hakutaka, na katika hali zote mbili haikuwa adabu kurudia. Nikaiweka karatasi chini ya kiti.

Tuligusa lami vizuri. Hilo lazima niliseme kwa haki yake, aliishusha ndege kama mtu anayelaza mtoto. Akavuta rivasi, yaani injini zinageuza nguvu zake kuelekea mbele ili kuizuia ndege. Uji ukaruka pande zote, madirisha yote mawili yakawa kijivu. Na palepale nikahisi mkia unaondoka. Unauhisi kiunoni kabla hujauona kwa macho. Upepo uliusukuma mkia kushoto, pua ikageukia kulia, na rivasi sasa haituvuti nyuma moja kwa moja, inatuvuta kuelekea ukingo wa kushoto. Yeye akakanyaga breki kwa nguvu zaidi na kuvuta rivasi zaidi, kama mtu yeyote angefanya akiogopa. Kila alivyozidisha ndivyo tulivyozidi kwenda ubavu.

Nami nilijua la kufanya. Nililijua kutoka shuleni, limeandikwa vitabuni, lakini kabla ya vitabu nilikuwa nimeshalijua kwako.

Ilikuwa ile mvua kubwa nilipokuwa namaliza skuli, wadi, lile bonde kavu, liliteremsha maji siku mbili, na baada ya maji kuondoka ukanichukua na ile pikapu yako mpaka kwenye uwanja wa matope nje ya mji. Majirani walishangaa, mwanamke gani anamfundisha mtoto wa kiume gari, na matopeni tena. Wewe uliendesha pikapu ya duka kwenye milima ya Burundi, kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, kabla sijazaliwa. Gari likanishinda, likaanza kuzunguka, nikakanyaga breki mpaka mguu ukaniuma. Ukanipiga kofi la goti. "Achia! Likiteleza achia breki, liache likumbuke njia yake, ndiyo ulishike tena." Tukafanya mara ishirini. Tulirudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, na ulikuwa na furaha ambayo sikuiona kwako tena kwa muda mrefu.

Ndiyo dawa yenyewe hata kwa ndege. Rivasi irudishwe chini kabisa, breki ziachiwe, ndege inyooshwe kwa usukani wa mkia, halafu ndiyo uanze tena kuizuia. Inahitaji moyo, kwa sababu unaachia breki huku unauona mwisho wa njia unakuja.

Nikasema, "Kapteni, tunakwenda kushoto." Kwa sauti ile ile ya jikoni.

Nikahesabu baadaye kwenye kumbukumbu za ndege. Kati ya maneno hayo na pale nilipopiga kelele zilipita sekunde nne. Sekunde nne nimekaa na jibu mdomoni. Unajua nilikuwa nafanya nini katika sekunde hizo? Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema.

Kisha nikapiga ukelele, "Achia breki! Shusha rivasi!" Akafanya palepale, hakubisha hata kidogo. Na pua ikaanza kurudi, Mama. Naapa ilianza kurudi. Lakini ukingo ulikuwa umeshafika. Gurudumu la kushoto likaingia kwenye theluji laini, ndege ikazunguka yote, gurudumu la mbele likavunjika, tukaburutika kwa pua mpaka tukasimama. Kukawa kimya. Nikasikia kitu kinadondoka mahali, tone, tone, tone. Kapteni Murad alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto na uso wake hauna rangi. Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Aliniuliza, "Uko salama, mwanangu?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

Mimi sikuwa na hata mkwaruzo.

Walitutoa kwa ngazi. Nilisimama kwenye uji ule umeingia mpaka kwenye soksi, nikatoa simu nikapiga nyumbani, vidole vyenyewe vinajua nambari. Ikaitika, nami nikasema, "Nipe Mama."

Aliyeitika alikuwa Baba. Nami ndipo nilipokumbuka, nimesimama kwenye theluji, zimamoto wananizunguka. Nafikiri ulikufa mara ya pili pale. Baadaye Baba akasema polepole, "Uko wapi, Khalfani?" Nikamwambia niko salama. Akasema, "Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza uko wapi."

Siku mbili baadaye nilikwenda kumtazama Kapteni hospitalini. Mkono wameufunga, amekonda ghafla, miwani iko juu ya kichwa. Tulizungumza kidogo, halafu akaniambia, macho yake dirishani, "Watakuuliza kuhusu uamuzi wa kutua. Kuna kitu ulisema kabla ya kutua, kinasa sauti hakikukinasa vizuri. Wameniambia ni mngurumo tu. Sema tuliafikiana, Khalfani. Sina ninalokuomba zaidi ya hilo. Nimebakisha miaka miwili nistaafu, nataka niondoke kwa heshima."

Sikumjibu ndiyo wala siyo. Nilimbusu kichwa nikatoka. Mtu aliyesimama nami juu ya udongo wako, Mama. Ningemwambia nini?

Nikaja Ibra kungojea siku ya kuhojiwa. Sikuwa nalala vizuri wala kula. Baba alikuwa ananitazama tu. Asubuhi moja tumekaa hapo barazani, yeye anamenya tende, mimi nikamweleza yote kwa mara ya kwanza. Nilimweleza habari za sauti ya chini, na sekunde nne, na ombi la Kapteni. Nikamwambia, "Mama alitufundisha kutokatiza wakubwa." Nilisema kwa hasira, nisamehe. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa nafikiri, adabu yako imemvunja mkono mtu.

Baba akaiweka tende chini. Akasema, "Mama yako? Mama yako hana habari na hayo. Hakupata kukuhadithia habari ya ile njia ya Bujumbura?"

Nikamwambia hapana.

Akanihadithia. Mlikuwa mmeoana miezi minne. Mnateremka kutoka milimani kwenda mjini, mvua imenyesha, Baba ndiye anayeendesha, babu amekaa katikati, wewe dirishani. Kwenye kona gari likaanza kwenda ubavu kuelekea bondeni. "Mimi nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili," Baba akasema, "na babangu ananiambia, kanyaga, kanyaga zaidi. Basi mama yako, bibi harusi, hajapata kuinua macho mbele ya mkwewe, akapiga ukelele mpaka nikahisi masikio yanapasuka. 'Achia wewe! Achia, mtatuua nyinyi wanaume!' Nikaachia, kwa mshtuko tu. Gari likajinyoosha. Tulisimama, gurudumu moja liko hewani."

Nikamuuliza, "Babu akasemaje?"

"Hakusema kitu mpaka tulipofika. Alipoteremka akasema, huyu mwanamke hana haya. Na nyumba nzima ikaacha kuzungumza naye. Wiki mbili. Anapika, anaandaa, anaondoa vyombo, hakuna anayemwambia ahsante wala shikamoo. Hata mimi, Khalfani. Nilikuwa kijana, namwogopa babangu. Hata mimi sikuzungumza naye."

Akafuta mikono. "Na Moza alikuwa tumboni, hatujui bado. Wote tuliokuwa ndani ya gari lile tulikuwa hai kwa sababu ya ukelele ule. Baadaye nikampa funguo za gari, sikuziomba tena. Lakini kumshukuru, kwa mdomo wangu, sikumshukuru. Nilidhani ipo siku."

Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Alikufinyeni nyinyi kwa sababu aliogopa yasije yakakupateni yaliyompata."

Mama, kwa nini hukuniambia? Miaka yote ile jikoni, kwenye pikapu, kwenye simu. Ulinifundisha nusu mbili za jambo moja na hukunionyesha zinavyoungana. Au labda ulingoja nikue. Mimi nami nilidhani ipo siku.

Nikaenda kuhojiwa. Chumba kidogo, watu watatu, wapole kabisa, wameniwekea maji na biskuti. Wakaniwekea kinasa sauti. Nikajisikia mwenyewe. Sikuwahi kujua sauti yangu iko hivyo, Mama, kama mtu anayezungumza ndani ya mto wa kulalia. Hata mimi mwenyewe nisingeisikia. Mmoja wao akaisimamisha akaniuliza, "Hapa unasema kitu. Ni nini?"

Nikamfikiria Kapteni Murad anaendesha gari siku ile ya kukuzika, mikono yote miwili kwenye usukani. Nikamfikiria mpaka machozi yakanijia mbele za watu wale. Kisha nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka mwandishi akainua kichwa: "Nilisema labda twende mji mwingine. Nilikuwa na hesabu ya mafuta mkononi. Lakini nilisema ili nisisikike. Na tulipoanza kuteleza nilijua la kufanya na nikachelewa kulisema. Kosa hilo ni langu."

Wakaniuliza kama Kapteni alinisikia. Nikasema sijui. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli.

Mimi nilisimamishwa, nikarudishwa darasani, nikafundishwa upya kuteleza kwenye mashine ya mazoezi mpaka nikachoka kuteleza. Yeye hakuruka tena. Wengine kazini walinipita kama hawanioni. Mtu mmoja aliniambia kwenye ngazi, "Yule alikuzikia mama yako." Hakukosea sana. Nilikuwa nimeinuliwa juu ya udongo wako kwa mkono wa mtu, kisha nikamshitaki. Mwaka mzima nilimwandikia, hakujibu. Nilipiga, hakuitika. Nilimpoteza nikiwa nimeshakupoteza wewe, na sikuwa na wa kumwambia.

Kisha Idi moja asubuhi simu ikalia, nimevaa kanzu mpya ya dishdasha, nataka kwenda kusali. Alikuwa yeye. Sauti imezeeka. Akasema, "Khalfani, nilikusikia." Sikufahamu. Akasema tena, "Siku ile, kabla ya kutua. Nilikusikia ukisema twende mji mwingine. Nilijifanya naisikiliza redio. Nilikuwa nimechoka, nikaona nikikubali nitaonekana nimeanza kuogopa." Nikakaa chini pale pale kizingitini. Akasema, "Laiti ungenipigia kelele mara ya kwanza. Lakini kijana gani angenipigia kelele, nami ndiye niliyemzoesha kuwa mpole?" Tukacheka, Mama. Tukalia pia, lakini tulianza kwa kucheka. Mkono wake, anasema, unamuuma kukiwa na unyevu. Akaniuliza Baba anakula nini siku hizi. Kila Idi tunapigiana tangu hapo.

Basi hiyo ndiyo habari. Nimepandishwa, Mama. Nakaa kiti cha kushoto sasa. Wiki ijayo, ikiwa Mungu amejaalia, naipeleka ndege kule kule kaskazini, mji ule ule, majira yale yale. Rubani msaidizi wangu ni mtu wa mji wa Sur, ana adabu mpaka inanitisha. Ananiita ammi, kama mimi ni baba yake mdogo, ananifungulia mlango. Nimeshamwambia mara mbili, ukiona nakosea nipigie kelele, anajibu, "Inshallah, ammi," kwa sauti ambayo ndege haijawashwa na bado siisikii. Safari hii nitamfanya alifanyie mazoezi. Atanipigia kelele chini, uwanjani, mbele ya mafundi, "Achia!", mpaka aone haya imemtoka na mimi bado nampenda. Hiyo ndiyo ahadi yangu ya kwanza kwako. Chumba changu cha ndege hakitakuwa na mtu wa kunong'ona, wala mtu wa kujifanya hakusikia.

Ahadi ya pili ni ya Baba. Kesho asubuhi namleta kwako. Miguu yake si mizuri, anasema njia ya makaburini ina mawe, anatoa visingizio. Nimefahamu anachokiogopa. Kuna neno amelichelewesha miaka mingi, na hataki sisi tumsikie akilisema. Nitamsimamisha karibu nawe, kisha nitarudi garini nifunge vioo.

Nakuaga, Mama. Jua limeshafika ukutani, nakwenda kumwamsha ajiandae kwa magharibi. Mungu akupanulie hapo ulipo, akunyooshee njia, akukutanishe na bibi mzungumze Kiswahili chenu mpaka mchoke.

Jambo moja tu linanisumbua na hakuna wa kunijibu. Zile wiki mbili, nyumba imejaa watu na hakuna anayekusemesha, wewe msichana wa miaka kumi na tisa umewaokoa wote, ulikuwa unazungumza na nani? Laiti ningekuwa nimeshazaliwa. Ningekuja jikoni kila asubuhi nikakuamkia kwa sauti, wasikie wote.

Mwanao,
Khalfani